Mwali wa Shangazi Mahfoudha

Sleyum bin Thabit hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa huruma tu, asiyeweza kumwona mwenziwe akiuliza swali na kukosa jibu. Ndiyo maana Shangazi Mahfoudha alipomsikia akiimba wimbo wa Krismasi, ule alioupenda kuliko zote alizojifunza katika kwaya ya shule ya bweni huko Nairobi, na kumwuliza ni wimbo gani huo mtamu, Sleyum alimjibu kwa uso mkavu kama wa kadhi:

"Wa harusi, shangazi. Kwa Waingereza bibi harusi hatoki ndani mpaka aimbiwe huu."

Shangazi aliupokea kwa mikono miwili. Maneno ya Kizungu aliyatupa, akatia yake ya Unguja, ya hina na asmini. Neno moja tu lilimganda, lile linalorudiwa kila mara: Noeli. Sikio lake lilisikia "mwali", basi akawa anaimba mwali, mwali, tangu uani hadi jikoni, na Sleyum anacheka huku kajifunika mto.

Kicheko kilimkauka alasiri moja baada ya Idi, mwaka wa sitini na tisa, walipokuja watu wa Nizwa, mji wa bara ya Omani, kumposa dada yake Nasriya. Nasriya alimtaka huyo kijana aliyemposa, Suud. Nyumba nzima ilijua na hakuna aliyesema. Lakini mwenye kauli alikuwa ami yake Suud, Mzee Marhoon, na Mzee Marhoon alikwisha ambiwa kwamba Waarabu waliotoka Unguja dini yao ni nyepesi. Neno moja la ovyo, posa ingekufa. Na hii ilikuwa Maskati ya siku ambazo hata redio ilisikilizwa kwa kunong'ona.

Halwa imeliwa, kahawa inazunguka, Bwana Thabit, baba yake Sleyum, anazungumzia mvua. Ndipo Shangazi huko jikoni, akiangalia mkate wa kumimina, akafungua koo. Mwali, mwali.

Mzee Marhoon akaweka kikombe chini.

"Wimbo huu naujua," akasema kwa Kiarabu.

Sleyum, aliyekuwa akiwamiminia wageni, akalitua dele la kahawa.

"Nilikuwa Bahrain, jikoni kwenye kambi ya Waingereza," akaendelea mzee. "Kila mwaka, siku moja ya baridi, walikaa mezani wamevaa kofia za karatasi, watu wazima na masharubu yao, wakauimba huu. Wakifika kwenye Noeli, mimi nafungua mlango naingiza bata mzinga. Noeli, bata. Kila mwaka hivyo hivyo."

"Samahani, sheikh," akasema Bwana Thabit polepole. "Huo ni wimbo wa harusi. Sleyum ndiye aliyemfundisha dada yangu."

"Wa harusi? Basi bibi harusi ndiye bata?"

Suud alipaliwa na kahawa yake.

"Hasemi bata, anasema mwali," akasema Bwana Thabit. " Kwetu mwali ni msichana aliyetiwa ndani kungoja harusi."

"Hata bata yule alitiwa ndani kwanza," akasema Mzee Marhoon, akifikiri kweli kweli. "Ndani ya tanuri."

Bwana Thabit akamgeukia mwanawe. "Wewe ndiwe uliyesoma. Noeli maana yake nini?"

Hapo Sleyum akagundua jambo la kutisha: hajui. Miaka yote ameliimba neno hilo akiwa mstari wa mbele, na shuleni walifundishwa kuvuta pumzi, hawakufundishwa kuuliza. Akisema ni bata, kamtukana dada yake. Akisema ni la kanisani, wageni watavaa viatu. Alitafuta uwongo, yeye Sleyum, akakuta ghala tupu.

Nyuma ya pazia ikaja sauti ya Nasriya, ndogo kama ya mbu. "Kuzaliwa mtoto. Sema hivyo."

"Kuzaliwa mtoto," akasema Sleyum kwa Kiarabu, akiamini kuwa huo ndio uwongo mkubwa kupita wote aliopata kusema.

Mzee Marhoon akakichukua tena kikombe chake. Kisha uso ukamkunjuka.

"Kumbe bibi anamwombea binti apate mtoto. Na wale Waingereza walikuwa wakimwombea bata aliyekwisha kuokwa. Watu wa ajabu. Thabit, mwambie dada yako asiache. Na sisi tutafute siku."

Sleyum akajipenyeza nyuma ya pazia.

"Umelitoa wapi neno hilo?"

"Kwa masista walionisomesha, Unguja. Ndiyo maana yake."

"Yaani ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Basi ulijua tokea mwanzo kuwa si wimbo wa harusi. Mbona hukumwambia shangazi?"

"Angeuacha, na mie ndio niupendao. Nnataka niimbiwe huo siku yangu."

"Lakini Nasriya, si wa harusi."

"Sasa ushakuwa. Nenda, wageni wanataka kahawa."

Sleyum akarudi na dele lake, akammiminia Mzee Marhoon kikombe hadi kikafurika, asijue tena nani kamdanganya nani.