Sanduku Lililotafunwa na Mbuzi

Ikola nzima ilijua Obadia ametengeneza sanduku lingine la kukaushia dagaa kwa jua, maana harufu ilitangulia habari.

Hilo lilikuwa la tatu. La kwanza alilifunga nailoni pande zote, nzi asione hata mlango, na dagaa wa mkewe wakaiva humo kama wamewekewa nyanya. La pili akaongeza nailoni. Kila sanduku likishindwa alisema joto halikutosha, akalitupa nyuma ya jiko bila hata kulichungulia, kisha akashika randa upya.

Dafrosa, mkewe, alishachoka kuchekwa. Mvua haikumpa nafasi ya kuanika mchangani, na wanunuzi wake wa Mpanda walishasema: Ijumaa hii asipoleta dagaa wakavu, wanahamia kwa mtu wa Karema. Hata hivyo akampa mumewe nusu ya dagaa aliokuwa nao. Ndoa ni kitu kigumu.

Jumatano sanduku la tatu likafunguliwa. Ua ulijaa watu; wengine walikuja na sahani kabisa.

"Shemeji, chumvi umeweka?" akauliza Lucia, jirani yao.

"Joto halikutosha," Obadia akajibu, anajifuta mvuke usoni.

"Halikutosha? Shemeji, hawa dagaa wana mchuzi!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Dafrosa hakucheka. Mvua ilianza kudondoka, na dagaa wake waliobaki walikuwa kwenye beseni, wabichi. Wageni wa kicheko walishakimbilia ndani, hapakuwa na pa kuweka beseni. Akazunguka nyuma ya jiko, lilipotupwa sanduku la kwanza. Mbuzi wa Lucia alikuwa ametafuna nailoni chini upande mmoja na juu upande wa pili, ila paa lilikuwa zima. Akawamwaga dagaa humo, huku machozi yakimtoka.

Alhamisi jua likawaka. Jioni akaenda kuwatupa. Akamkunja mmoja, akavunjika, ka! Mkavu hadi kichwani.

"Baba Gideon! Njoo huku!"

Obadia akaja mbio. Akawatazama dagaa, akayatazama matundu, akaguna kwa huruma. Kisha akatoa gundi mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Naziba. Kama bovu linakausha hivi, likiwa zima je?"

"Thubutu! Hebu weka mkono hapo kwenye tundu la juu kwanza."

Akauweka. Hewa ya moto, bado na unyevu kidogo, ikampumulia kiganjani. Akauacha pale muda mrefu, kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. Siku zote hizo alikuwa anaufungia mvuke ndani, halafu analilaumu jua.

"Kumbe nilikuwa napika," akasema polepole.

"Ikola nzima ilijua unapika. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unakausha."

Ijumaa asubuhi gari la Mpanda likaondoka na gunia la Dafrosa. Jioni simu ikaita: dagaa safi, mama, lete wengine.

Akatoka mbio kumwambia mumewe. Akamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la tatu, penseli sikioni, kisu mkononi, ananakili matundu ya mbuzi, jino kwa jino, hata pale palipochanika vibaya.

"Si ukate duara tu, shemeji?" Lucia akauliza kutoka uzioni.

"Kwenye utafiti, shemeji, hatubadilishi vipimo ovyo."

Dafrosa akachukua mundu. Akaenda kumkatia mbuzi majani.