Marehemu wa Kifurushi cha Shaba

Winny alikuwa akikamua ng'ombe redio iliposema, "Aron wa Chebunyo amefariki." Kisha ukaja wimbo wa vijana na tangazo la kubashiri mpira. Aron huyo alikuwa babake.

Zamani kituo hicho cha Sotik kilisoma kila msiba kwa ukamilifu: ukoo, wakwe, watoto, siku ya mazishi. Watu wa huku hawaulizani nani amekufa. Husubiri redio ya saa moja jioni iwaambie. Lakini kituo kipya kilipofunguliwa ng'ambo ya barabara na kunyakua wasikilizaji, meneja Kiplangat alishusha bei na kugawa misiba kwa vifurushi. Dhahabu ilisomewa yote, na wimbo wa kanisa juu. Shaba ilipata jina moja na mahali. Winny alilipia Shaba, kwa sababu hospitali ilikuwa imemaliza kila kitu.

Wiki hiyo Chebunyo ilifiwa na Aron mwingine, tajiri wa ng'ombe, naye alikuwa Dhahabu. Waombolezaji walidhani ni mtu mmoja, wakaenda kwake wote. Babake Winny alizikwa na majirani wachache na mchungaji mwenye haraka.

Baadaye alikuja mzee Nyang'au, rafiki wa babake kutoka upande wa Kisii.

"Nimemlilia mtu simjui, mwanangu. Nikarusha hata mchanga."

"Ulikula?"

"Nilikula. Pilau," akasema, akaficha uso kwa kofia.

Winny alimwendea Kiplangat ofisini.

"Madam, ulichagua mwenyewe," Kiplangat akasema. "Ulitaka bei ya chini, ukapata."

"Na wewe ukifa?"

"Mimi ni wa hapa. Dhahabu, bure."

Winny alikwenda kaburini, akamweleza babake maneno hayo yote, akarudi kuchuma chai.

Jumatatu jioni babake, Aron, aliingia kituoni na suti aliyozikwa nayo. Askari alimwomba apanguse viatu. Mtangazaji Chepkemoi alimsogezea maikrofoni, naye akajisomea: ukoo wake, watoto wake, fahali aliowafuga, na rafiki yake Nyang'au wa upande wa Kisii. Alikuwa na sauti nzuri. Kesho yake marehemu wengine wa Shaba walipanga foleni kwenye korido, nao wakajisomea.

Wasikilizaji walirudi, hata vijana. Kiplangat alikihamisha kipindi cha mpira, akawapa marehemu saa nzima, na kati ya marehemu mmoja na mwingine akauza matangazo ya sabuni na mbolea.

Alhamisi Winny alimsubiri babake kwenye lango la kituo, akamwomba aongeze jambo moja. Jioni hiyo Aron, alipomaliza kujisoma, aliendelea: "Kiplangat, meneja wa kituo hiki, amefariki." Akasoma ukoo, wakwe na siku ya mazishi, akaimba mwenyewe wimbo wa kanisa.

Asubuhi watu walifika kwa Kiplangat na hema, kuni na maziwa. Aliwapokea langoni.

"Lakini mimi ni mzima!"

"Pole sana," walimwambia, wakimshika mkono. "Alikuwa mtu wa bidii."

Mkewe alikuwa ameshajifunga leso kichwani. Nyang'au alifika wa kwanza, akalia machozi yote aliyoyamwaga pabaya. Vijana walichimba shimo nyuma ya nyumba, na kwa kuwa Kiplangat alikataa kuingia, walifukia hivyo hivyo. Winny alirusha udongo kwa mikono miwili, kwa nguvu, hadi akaombwa awaachie na wengine nafasi.

Benki ilifunga akaunti ya marehemu. Kanisa lilimchagua mweka hazina mwingine. Jumatatu Kiplangat alienda kazini kama kawaida, na wenye kituo wakafurahi, maana meneja aliyefariki halipwi mshahara. Walimpandisha cheo, akapanga bei upya. Shaba sasa ni jina tu, bila mahali. Marehemu anayetaka kujisomea alipiwe Dhahabu.

Aron alizuiwa langoni. Tangu hapo husimama nje, kando ya barabara ya Sotik, akiwasomea wapita njia ukoo wake. Wengi huwa wameziba masikio na spika ndogo za simu. Winny humletea chai, akasimama naye, akimwangalia kila anayeingia na kutoka.

Kiplangat hupita jioni akielekea nyumbani. Humsalimu Winny kwa adabu.

"Madam, mlipie mzee. Ofa inaisha Ijumaa."