Mlinzi Aliyemkamata Mwiko

Usiku wa kuamkia leo, siku ya harusi ya mdogo wangu Siwema, niliota nimesimama mbele ya kibanda cha mlinzi kilichojengwa ndani ya kichwa changu. Nilijua ni kichwa changu kwa sababu kilikuwa na vumbi na kilijaa nyimbo za matangazo ya sabuni.

Mlinzi alikuwa lozi. Si mtu aitwaye Lozi. Ni lozi lenyewe, lile tunalotafuna, limevaa kofia ya sare na filimbi shingoni.

"Jina?" akauliza.

"Mwajabu. Mshereheshaji wa harusi, Morogoro."

"Shida?"

"Nimefuata mkono wangu. Saa nane mchana nasherehesha harusi ya mdogo wangu, na mkono umegoma kushika maiki."

Ulikuwa umegoma kweli. Mwezi wa tano, kwenye sherehe moja ya bustanini, viatu vilinibana nikavivua, nikakanyaga nyasi zilizolowa mvua, nikashika maiki. Shoti ilinirusha hadi meza ya wakwe. Tangu hapo nasherehesha kwa kupiga kelele, na ukumbi wa leo unachukua watu mia nne. Kamati ikaamua kwamba nikishindwa kushika maiki, aitwe Kimbembe. Kimbembe ni yule mshereheshaji anayewatania wakwe mpaka wanaondoka na sufuria zao za pilau. Siwema alilia. Mimi nilijifungia chooni nikalia zaidi yake.

Lozi akanionyesha ubao ukutani. Ulikuwa na mstari mmoja, umechomwa kwa moto: KITU CHENYE MPINI NA KICHWA CHA MVIRINGO KINAUA.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Siku ileile. Huwa sihitaji kuambiwa mara mbili."

Nyuma ya kibanda kuna mahabusu. Nachungulia. Wamekaa sakafuni mwiko, tochi, hindi la kuchoma na brashi ya nywele.

"Dada Mwajabu," mwiko ananiambia, "mimi nimekosa nini? Miezi mitatu sijasonga hata ugali."

Ni kweli. Miezi mitatu nyumbani kwangu tunakula wali na mkate, na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Hasira zinanipanda.

"Mwiko umemfanya nini mtu?"

"Anafanana na maiki," lozi akajibu. "Mimi nakamata kwanza."

Hapo akapita farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, anachuruzika maji, amebeba mafaili kwapani, ingawa sikuliona kwapa lenyewe. Akasema yeye ndiye anayetunza mahali na siku.

"Mlinzi anakumbuka shoti," akasema. "Mimi nakumbuka kwamba nyasi zilikuwa zimelowa, na wewe ulikuwa pekupeku."

Lozi akageuka. "Pekupeku?"

"Pekupeku kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Lozi akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Hata hivyo mstari haufutiki. Labda tuandike wa pili chini yake. Na wa pili hauandikwi kwa maneno. Ushike, usife, ndiyo niandike."

Natazama miguuni. Nimevaa mabuti ya mvua. Maiki iko mezani. Nainyooshea mkono, lozi anapuliza filimbi, moyo wangu unatoka kifuani na kujificha nyuma ya hindi. Naogopa, sifichi. Naishika.

Nimesimama, nimeishika, na sijafa.

Lozi akaandika: KIBANDANI HAIKUUA.

"Basi nimepona!"

"Kibandani," akasema.

Kibanda kikawa saluni. Maiki ileile iko kwenye beseni la kuoshea nywele, na lozi anapuliza filimbi upya kabisa. Naishika. SALUNI HAIKUUA. Saluni ikawa mashine ya kusaga, nikaishika huku nimejaa unga mpaka kwenye kope. Mashine ikawa kiti cha daktari wa meno, nikaishika nimeachama. Kiti kikawa kilele cha Uluguru, nikaishika kwa mikono miwili. Kila mahali filimbi inakuwa fupi zaidi. Kileleni lozi alikohoa tu.

Kisha kilele kikawa bustani ile. Nyasi zimelowa. Wakwe bado wamekaa na sahani mapajani, wananisubiri tangu mwezi wa tano.

Natembea na mabuti yangu hadi katikati. Mkono umetulia. Nainua maiki, na sauti yangu inatoka nene, inazunguka bustani nzima. Jamani, nilikuwa nimeikumbuka sauti ile!

"Mabibi na mabwana, naomba nifanye utambulisho! Kulia kwangu ni mwiko, ametoka mahabusu leo bila kosa lolote. Simama baba, wakuone! Pembeni yake ni tochi, hindi na brashi. Yule anayelowesha viti ni mtunza mafaili. Na huyu mfupi mwenye kofia ni mlinzi wangu. Tangu nizaliwe hajachukua likizo hata siku moja. Nusura anikoseshe kazi, lakini alitaka nibaki hai. Naomba kigelegele kwake!"

Lozi alilia waziwazi. Mwiko ndiye aliyeanza kigelegele, wakwe wakapokea, na kikawa kirefu mpaka kikaniamsha.

Nikakaa kitandani. Kumekucha, majogoo wa mtaani wameshamaliza kazi yao. Ila kigelegele hakikuwa kimeisha. Kilikuwa kinatokea upande wa pili wa ukuta.

Nikatoka nje. Mama Kuruthumu, jirani yangu, amesimama mlangoni kwake na khanga yake ya kulalia, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shoga, nisamehe," akasema kwa shida. "Nimeamka kinanitoka. Nakizuia, hakizuiliki. Na wala sijui namshangilia nani."

"Kibane hivyohivyo, shoga yangu," nikamwambia. "Saa nane nitakiomba mbele ya watu mia nne, kwa maiki."