Sista Anauza Nyumba

Dalali alipomsomea tangazo aliloandika, Sista alimsimamisha palepale mwanzoni. Lilisema bangalo la kisasa, hatua chache kutoka mji wa kale. Akamuuliza hizo hatua ni za nani, maana yeye kila akitoka sokoni na kikapu mkononi, magoti yake humpa hesabu tofauti. Dalali akacheka, akafuta, akaandika kwamba ni mwendo wa kunyoosha miguu. Hapo Sista akaridhika. Alikuwa ameuguza watu maisha yake yote, miaka ya mwisho akisimamia chumba cha upasuaji, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Sista kana kwamba bado amevaa sare. Maneno ya kupakana mafuta hayakuwahi kumwingia.

Nyumba hiyo aliinunua baada ya kufiwa na mumewe, watoto wake wawili wakiwa wameshashika maisha yao. Wakati huo ilikuwa gofu. Paa lilivuja, popo walijaa darini, na jiko lilisimama peke yake huko nyuma kama limefukuzwa. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Yeye akaanza na paa, akaja kwenye nyaya za umeme, kisha akajenga jiko jipya ndani, wazi kwa sebule, ili anayepika asikose mazungumzo. Akaweka madirisha mapana ya vioo, tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na bafu la vigae vyeupe alilolionea fahari kuliko vyeti vyake vyote. Vya zamani vilivyobaki ni milango mizito ya mbao na baraza ya mbele. Ukikaa pale asubuhi unauona mji wa kale juu ya kilima, lango lake la mawe na mapaa yake yaliyobanana kama watu wanaonong'onezana.

Sasa alikuwa anaiuza kwa sababu anaolewa.

Mchumba alikuwa fundi wa saa, mgane mwenye duka dogo ndani ya mji wa kale na vyumba viwili juu ya duka. Sista alimpelekea saa ya ukutani iliyogoma, na yule bwana akamwambia haina ugonjwa wowote, imechoka tu kupuuzwa. Sista alicheka mpaka akaomba kiti. Tangu siku hiyo akawa na saa nyingi za kutengenezwa. Walikubaliana kuishi kule juu ya duka, maana fundi hakupenda kuwa mbali na kazi yake, na Sista, kusema kweli, alikuwa amechoka kukaa na vyumba vingi visivyomjibu.

Binti yake, kitinda mimba, alipopigiwa simu alipiga kigelegele palepale kazini, kisha akauliza nguo itakuwa ya rangi gani. Kaka yake alisema nyumba ya familia haiuzwi. Huyu alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri, mtu aliyezoea neno lake kuwa la mwisho. Mama yake akamjibu kwamba hiyo familia anayoitaja haijalala hapo tangu bafu lilipokuwa halina mlango, kwamba wanunuzi wanakuja Jumamosi, na kwamba akitaka aje, asipotaka asije.

Alikuja. Alishuka garini na buti za kazi, tochi mfukoni na nyundo yake ndogo ya kugongea kuta mkononi. Sista alimtazama toka barazani, akaelewa kwamba mwanawe hakuja kutembea.

Wanunuzi walikuwa mume na mke, dereva wa lori na fundi cherehani, na mimba ya mke ilikuwa imeanza kuonekana. Walimwamkia Sista kwa heshima. Dalali akafungua kinywa kuwaeleza jinsi ilivyo bahati kuishi karibu na historia, lakini mkaguzi alimkatiza, akasema yeye ni mwana wa mwenye nyumba na ndiye atakayewatembeza.

Akaanza na uwanja wa nyuma. Akawaambia udongo wa pale unashika maji wakati wa mvua. Sista akasema ni kweli, ndiyo sababu alichimba mfereji ule pale, na akawaonyesha maji yanakopitia. Mkaguzi akasema milango ya mbao huvimba. Sista akakubali tena, akamwonyesha yule mke namna ya kuubembeleza mlango wa chumba cha pili, uuinue kidogo kwa bega ndipo ufunge. Kila kasoro iliyotajwa, Sista aliipokea kama mgeni anayemfahamu. Dalali alikuwa anajifuta jasho. Dereva yeye alionekana kufurahia, kwa sababu kila nyumba aliyokwisha kuona aliambiwa haina tatizo hata moja, na hakuamini hata moja.

Kisha wakafika mlango wa nyuma. Mkaguzi aligonga juu ya fremu, akasikiliza, akagonga tena. Akamulika tochi. Ufa mwembamba ulitoka kwenye pembe ya mlango ukapanda kuelekea dari, umejificha chini ya rangi.

"Huu unatembea," akasema.

Sista akavaa miwani, akausogelea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulishtuka. Angeweza kusema ni rangi tu. Lakini alikuwa amesimama kwenye chumba cha upasuaji miaka mingi mno kuweza kufunika damu kwa kitambaa na kutazama pembeni.

"Huu sikuujua," akasema mbele ya wote. "Haya, mkaguzi, tueleze. Ni wa kufa au wa kupona?"

Mwana alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Kwa swali hakuwa amejiandaa, na kazi ikamshika palepale. Alivua koti, akakwangua rangi kwa ncha ya funguo, akatoka nje kukagua msingi, akarudi akaomba kiti, akapanda akaingiza kichwa darini. Aliposhuka alikuwa na vumbi nywele nzima, na uso wake umetulia. Akawaeleza kwamba aliyepanua mlango ule aliweka boriti fupi juu yake, nayo imeanza kuelemewa. Msingi haujasogea hata kidogo. Boriti itolewe, iwekwe ndefu ya zege, basi.

Fundi cherehani alikuwa amesikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Samahani, kaka," akasema. "Huyu ni mama yako. Ungemwacha alale humu?"

Mkaguzi akatazama kuta, akamtazama mama yake, akaifunga nyundo yake kwenye kitambaa.

"Ningemwacha," akasema. "Nimekagua nyumba nyingi mpya zinazong'aa kuliko hii, na nisingemwacha hata paka wangu. Hii ni nzima. Imetengenezwa na mtu asiyependa kudanganywa."

Wale wawili wakaomba nafasi ya kuzungumza, wakaenda barazani. Dalali akataka kuwafuata. Sista akamshika mkono wa shati, akamkalisha sebuleni, akaingia jikoni kuchemsha chai. Mwanawe akamfuata, akasimama karibu na sinki kama alivyokuwa akisimama utotoni akiwa amevunja kitu.

"Nilidhani nitarudi hapa," akasema.

Akamweleza kidogokidogo. Yeye na mkewe sasa walizungumza habari za watoto tu, nani atawachukua shuleni na nani atawapeleka kwa daktari wa meno. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa jambo la kutajika. Wamepoa tu. Usiku akikosa usingizi, alijifariji kwamba iko nyumba ya mama, ina chumba cha nyuma, siku mambo yakiharibika ataweka virago vyake pale. Sista alisikia hamu ya kulia na hamu ya kumtikisa, zote kwa pamoja.

"Ungeniambia unaumwa, baba, kuliko kuja kunipasulia ukuta."

Mwana akacheka bila kutaka. Sista akaweka vikombe chini, akamshika mashavu yote mawili, vumbi na yote.

"Nyumba nauza. Mimi siuzwi. Pale nitakapolala, na wewe utalala, hata kama ni chini kwenye godoro. Ila usije kujificha kwangu. Njoo upumue, halafu urudi ukazungumze na mke wako, na yasiwe meno ya watoto."

Mwana akauliza kama huyo fundi anajua kwamba Sista anakoroma. Mama yake akasema ameshamwambia, na fundi amejibu kwamba mtu aliyezoea kulala katikati ya saa hasumbuliwi na mlio mmoja wa ziada.

Dereva na mkewe waliporudi walisema wanaichukua, lakini boriti ibadilishwe kwanza. Sista akasema ndivyo ambavyo hata yeye angetaka. Mkaguzi akajitolea kuleta mwashi anayemwamini na kusimamia mwenyewe, na alifanya hivyo.

Siku ya kukabidhi funguo, Sista hakutoa chozi. Alisimama akamtazama yule mke akiingiza cherehani yake chumba cha mashariki, chenye mwanga mzuri wa asubuhi, akajiambia kwamba mama yule amechagua vizuri.

Ndoa ilifungwa bila makelele. Mwezi uliofuata mwanawe alikuja akalala juu ya duka siku kadhaa, akamsaidia fundi kupiga rangi ngazi, akaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Baadaye akaja tena, safari hii na mkewe na watoto. Hawakuwa wamemaliza yote yaliyowakabili, Sista aliliona hilo walivyokaa. Lakini mke alimkatiza mumewe katikati ya hadithi kumsahihisha, naye akamwachia aimalizie, na watu wote mezani wakacheka. Viti havikutosha. Sista akakaa kitandani, sahani mapajani, mumewe ubavuni, akawa anakula.