Mikono Ndani, Wanangu

Asubuhi fundi wa Pango la Joka alipaka grisi mnyororo unaovuta maboti, akaifuta vumbi sanamu ya Staa, kisha akaliachia boti la kwanza la watoto. Nyumbani, upande wa pili wa mji, mkewe alikuwa akichambua mchele. Ghafla akasema kwa nguvu, "Mikono ndani, wanangu! Kona hiyo!" Halafu akaendelea kuchambua.

Kwa miaka mingi sauti ya pangoni ilikuwa yake. Bustani ya burudani ilipojengwa, meneja alitaka sauti ya bure, na mke wa fundi alikuwa nayo. Baadaye meneja akaona watu wamechoka kusikia mama wa nyumbani. Akaletwa Staa, yule wa tamthilia. Sanamu yake ikafungwa penye kona, na akarekodi maneno manne: "Karibuni kwenye pango langu."

"Na ile ya mikono, bosi?" fundi aliuliza.

"Staa anaigiza shujaa. Shujaa hawezi kuwaambia watu warudishe mikono."

"Basi turudishe ya zamani, zipokezane."

"Mkataba unakataza sauti nyingine karibu na uso wake. Wewe paka grisi."

Watoto walifurika. Kila mmoja alinyoosha mkono amguse Staa pua, pale pale ambapo ukuta unabana boti. Ndipo sauti ilipoanza kumtoka mke wa fundi, popote alipokuwa, na kusikika pangoni bila spika wala waya. Watoto wakavuta mikono.

"Leo mmeleta wengi," alimwambia mumewe jioni ile, hoi.

"Zilikuja shule mbili," fundi alisema, akampa maji.

Tangu hapo hakuweza kumaliza mazungumzo mchana. Sokoni wauza nyanya walizoea kunyamaza kidogo mpaka boti lipite. Msibani alikatizwa katikati ya kutoa pole, wafiwa wakaitikia tu, "Tumeshapoa, mama." Siku moja hasira zilimpanda. Huku kulikuwa kunyonywa mchana kweupe, na alilisema hilo kwa vipande vipande, kisha akajifunga kitambaa mdomoni. Kabla ya adhuhuri mtoto mmoja alivunjika vidole pangoni. Habari zilipomfikia, mke wa fundi alikifungua kitambaa mwenyewe na hakukifunga tena.

Mwaka ulipoisha, bustani ilipewa nishani ya usalama. Meneja aliivisha sanamu nishani hiyo shingoni, akawaambia waandishi wa habari kwamba Staa ana kipaji cha kutuliza watoto. Fundi aliomba mkewe atajwe, hata kwa jina moja. Akaambiwa asilete mambo ya nyumbani kazini. Ndiyo hivyo, punda afe mzigo ufike, na nishani avae mwingine.

Kisha binti yao akapata kazi nchi ya mbali. Fundi aliomba pango lisimame kidogo tu asubuhi ya safari, mama amuage mtoto wake kama watu wengine. Meneja alikataa. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Staa na foleni ilifika barabarani. Ruhusa ya kwenda stendi nayo fundi hakupata, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiachia maboti.

Stendi, binti alikaa dirishani, akatoa mkono nje. Mama akaushika. Maneno alikuwa ameyapanga usiku kucha.

"Mwanangu, huko unakokwenda, nataka ujue kwamba mimi..."

Dereva aliwasha basi.

"Mikono ndani, wanangu! Kona hiyo!"

Binti akauvuta mkono wake ndani, kama alivyozoea tangu utotoni. Abiria wengine nao wakavuta yao, na basi likaondoka. Mama alilikimbilia hatua chache, akafungua mdomo amalizie, lakini boti la pili lilikuwa limeshafika kwenye kona.