Mstari wa Katikati

Mwalimu Ambrosi aliponiita shuleni nilipanda bodaboda na hasira zangu zote. Nilijua ni utoro, au mvulana. Kumbe ni neno moja la Kiingereza.

Nina mabinti mapacha, wako kidato cha nne hapa nje kidogo ya Mpanda. Sisi wenye asili ya Burundi, mapacha hatuwachagulii majina. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, yaani mkubwa na mdogo. Watoto hawajafumbua hata macho, tayari wameshapangwa! Jambo hilo sikulipenda, nikaapa kwamba atakayewalinganisha nyumbani kwangu tutakosana. Ugali wao naupakua sahani moja, nachora mstari katikati kwa ukingo wa mwiko, na samaki nagawa wanaona. Shangazi yao aliwahi kusema Butoyi ni mwepesi kuelewa kuliko dada yake. Chai yangu siku hiyo hakuionja.

“Mama Bukuru,” mwalimu alisema, “nilikuwa nafundisha better. Nikamwambia Butoyi atunge sentensi, ajilinganishe na pacha mwenzake. Akasimama, akanyamaza. Nikamwambia basi ni sifuri. Akasema, asante mwalimu.”

“Hiyo better ndiyo nini?”

“Bora kuliko. Kimoja kinazidi kingine.”

“Sasa mbuzi wa kulinganisha wameisha, mpaka mchukue mapacha wangu?”

Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Mama, sikukuitia sentensi. Kwenye majaribio Butoyi anamaliza mapema, halafu anakaa anamwangalia dada yake. Juzi nilipita nyuma yake, nikamkuta anafuta majibu sahihi na kuandika yasiyo sahihi, ili wapate sawa. Akifanya hivi kwenye mtihani wa taifa, kidato cha tano asahau.”

Nilitafuta mtu wa kumgombeza, nikamkosa. Mstari nilikuwa nimeuchora mimi.

Mwalimu aliona uso wangu umebadilika, akanionea huruma. Akasema neno hilohilo hutumiwa hata na mgonjwa aliyepata nafuu, na hapo hajilinganishi na mtu, ila na hali yake ya jana. Maana hiyo niliipenda sana. Njia nzima niliibeba kama yai.

Nilimkuta Butoyi uani anachambua maharage. Bukuru alikuwa amekwenda kuchota maji.

“Mwanangu,” nikaanza, “dada yako muache. Wewe shindana na jana yako tu.”

Alielewa nimetoka wapi. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

“Mtihani haumuulizi mtu jana yake, mama. Unauliza nani kamzidi nani.”

“Basi mzidi!”

Neno nililolikataza miaka yote lilinitoka kinywani kwa sauti. Butoyi aliinua uso.

“Nikimzidi nitaondoka, yeye atabaki. Nani atakaa upande wa pili wa sahani?”

Kabla sijamjibu, nikamwona Bukuru amesimama kwenye pembe ya nyumba, ndoo kichwani. Alikuwa amesikia yote. Akaitua ndoo taratibu.

“Kwa hiyo ulikuwa unanionea huruma,” alisema.

“Hapana, dada...”

“Mimi nasoma mpaka macho yananiuma. Nafurahi, nasema leo tena tumelingana. Kumbe wewe unafuta?” Akanigeukia mimi. “Na wewe mama, ulikuwa unajua?”

“Nimejua leo,” nilisema, na niliona aibu, kwa sababu leo ilikuwa imechelewa sana. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Akaingia ndani.

Jioni nilisonga ugali, nikakaanga samaki, mgebuka. Nilidhani Bukuru hatakuja kula. Alikuja, akakaa mahali pake. Nilipoinua mwiko nichore mstari, akanishika mkono.

“Leo acha, mama.”

Akamtazama mwenzake, akasema kitu kwa Kiingereza, polepole, bila kutetemeka. Mimi Kiingereza sijui. Nilisikia jina la Butoyi mwanzoni, na katikati nikaisikia ile better.

“Sema na wewe,” akamwambia.

Butoyi akatikisa kichwa.

“Sema, la sivyo sili.”

Butoyi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikakatika mara mbili, lakini aliimaliza sentensi yake ambayo mwalimu aliikosa darasani. Bukuru akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo wake na kuona unabebeka. Kisha akanyoosha mkono hadi upande wa mdogo wake, akachukua kipande kikubwa cha samaki, kile chenye kichwa.

“Na hiki ni changu,” alisema. “Mimi ndiye Bukuru.”