Zamu ya Kukaa na Gari

Mume wangu alimwendesha Daktari kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kula meza moja. Si kwamba walikuwa hawapatani. Walipatana mpaka mwanzoni mimi nikaona wivu, kwa sababu mzee alikuwa akirudi nyumbani na "Daktari kasema hivi, Daktari kacheka vile", wakati mimi nikimwuliza jambo ananijibu kwa mguno.

Tatizo lilikuwa bunduki. Daktari anatibu wanyama, lakini si ng'ombe wala paka. Wake ni wale wa porini: nyati aliyenaswa kwenye waya, tembo mwenye kidonda, simba aliyepotea njia akaingia mashambani kwa watu. Nyuma ya viti vya gari lao kulikuwa na sanduku la chuma lenye bunduki mbili. Moja ya kurusha sindano za usingizi. Nyingine ya risasi za kweli, kwa siku ile mnyama atakapozinduka kabla hujamaliza kumshona. Tangu walipoanza kazi, Daktari aliweka sharti: gari lenye bunduki haliachwi peke yake. Iwe kununua maji, iwe kwenda chooni, mmoja akishuka mwingine anabaki.

Basi wakawa wanakula kwa zamu. Wakifika mkahawani, Daktari anaingia, anakula, anatoka akijifuta mdomo. Mzee wangu naye anaingia, anakalia kiti kile kile kabla hakijapoa. Hata wakipita hapa kwetu, Daktari akija ndani kunisalimia, mwenye nyumba anabaki nje kwenye gari kama mgeni asiyekaribishwa. Nilikuwa namwambia, "Hilo gari ni mke mwenzangu, tena ndiye mkubwa." Naye hujibu, "Afadhali yeye, akinuna nampeleka gereji."

Ikafika siku yake ya mwisho kazini. Mimi ni fundi cherehani, nilifunga cherehani yangu siku mbili nzima nikapika. Binti yetu, muuguzi, aliomba ruhusa akaja na watoto wake. Kaka yake akaja na mkewe. Majirani nao walikuja, na wengine ambao nadhani waliletwa na harufu ya kuku. Daktari alikuwa amenipigia simu wiki nzima kuulizia saa ya kula. "Mama, safari hii nakaa mezani," alisema. "Mimi na Breki, meza moja." Breki ndilo jina alilompa mzee, kwa ajili ya mwendo wake wa polepole.

Lakini asubuhi hiyo hiyo wakaitwa kwa nyati mwenye waya shingoni. Walipomaliza, wakaona wakianza kwenda ofisini kurudisha silaha chakula kitapoa, wakaja moja kwa moja nyumbani. Gari likaingia uani, watoto wakapiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue nikaona milango miwili ya mbele ikifunguliwa kwa pamoja.

Mzee wangu akaushika mlango wake, asishuke.

"Daktari, unakwenda wapi?"

"Kula."

"Na nani anabaki?"

"Kufuli linabaki," Daktari akasema. "Breki, tafadhali. Sanduku limefungwa, gari tutalifunga, geti limefungwa. Tutalitazama kutoka mezani."

"Hapana."

Mimi nikiwa na mwiko mkononi, nikasogea.

"Baba," kijana wetu akasema, "nani ataiba mbele ya watu wote hawa?"

"Watu wote hawa unawajua?"

Kijana akageuka kuwatazama, akarudi kukaa.

Binti yetu akashauri bunduki ziingizwe ndani, ziwekwe juu ya kabati chumbani kwetu. Hapo nilikataa mimi mwenyewe. Wajukuu wangu wale, mkasi wangu mkubwa nimeuficha juu ya kabati hilo hilo, na juzi nimewakuta wanaukatia mwanasesere nywele. Nyumba yenye watoto kama wale hata kiberiti nalala nacho.

"Daktari," mzee akasema taratibu, "kwani umemsahau yule mwenzangu?"

Hajamsahau. Sote tunamjua. Alikuwa dereva kama mume wangu, katika kituo kingine. Aliacha bunduki nyuma ya kiti, akaifunika koti, akaingia dukani kununua mkate. Aliporudi, kioo kilikuwa kimevunjwa. Miezi michache baadaye bunduki hiyo ikaingia duka la dawa mikononi mwa vijana, na muuza dawa mpaka leo anatembelea gongo. Yule dereva alifukuzwa kazi, lakini hilo halimsumbui kama anavyosumbuliwa na gongo lile. Mtaa wao ni mmoja. Kila akilisikia linagonga chini, anaingia ndani.

"Sijamsahau," Daktari akasema. Alikuwa bado na matope ya nyati kwenye buti na nywele zimetimka. "Lakini na wewe nielewe. Jumatatu napewa dereva mwingine. Nimekula na mawaziri, nimekula na wazungu wa utafiti, nimekula na watu ambao hata majina yao siyakumbuki. Wewe umenibeba mgongoni siku nimevunjika mguu, na sijawahi kukuona ukitafuna. Leo nisipokaa na wewe, nitakaa lini?"

Mzee akatazama usukani. Namjua mume wangu. Akitazama kitu namna ile, ujue moyo umeshalainika lakini kichwa kimegoma.

"Mwanangu," akamwambia. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Sharti uliliweka wewe. Nimelishika mpaka nimezeeka nalo. Usiniambie nilivunje siku ya mwisho kwa sababu ya paja la kuku."

"Si paja la kuku," Daktari akasema.

"Najua si paja la kuku."

Wakabaki pale, mmoja nje, mmoja ndani, kila mmoja akimpenda mwenzake kwa namna yake, na chakula changu kikipoa. Nikaona nikiwaachia wataniozea uani. Nikavua aproni, nikampa binti yangu mwiko.

"Wape watu wale," nikamwambia. Kisha nikafungua mlango wa nyuma nikapanda.

"Mama, unakwenda wapi?" Daktari akauliza.

"Kurudisha bunduki. Panda twende, halafu turudi tule kama binadamu."

"Mtunza silaha leo hayupo ofisini, yuko kwake, anakula."

"Mpigie. Mwambie hata mimi sijala."

Alipigiwa. Alilalamika, lakini akasema atakuja.

Njiani nilikaa kimya nyuma, sanduku lile likinigusa mgongo, nikawatazama. Sikuwa nimewahi kuwaona kazini. Walikuwa hawasemi, na hawakuwa na haja ya kusema. Jua lilipopiga kioo, Daktari alitoa miwani ya mzee kwenye kisanduku akamwekea mkononi, na mzee akaivaa bila kugeuka. Kwenye matuta, mzee alipunguza mwendo mpaka gari likawa linanyata, kwa sababu ya chupa za dawa. Karibu na daraja, wote wawili waligeuza shingo upande mmoja kwa wakati mmoja, kutazama kitu ambacho mimi sikukiona.

"Nini pale?" nikauliza.

"Hamna kitu," mzee akasema. "Tuliwahi kumtibu pundamilia pale."

"Alipona?"

"Alimpiga Breki teke," Daktari akasema, na wote wakacheka, kicheko cha mambo ambayo hukuwepo. Wivu wangu wa zamani ulinichoma kidogo, kisha ukayeyuka. Nikafikiri, basi huku ndiko alikokuwa. Alikuwa pazuri.

Mtunza silaha tulimkuta mlangoni, kandambili miguuni. Alizikagua bunduki moja moja, akahakikisha hazina kitu ndani, akahesabu risasi, akaziingiza kwenye chumba chenye mlango mzito. Mzee wangu alisimama mpaka akasikia ufunguo ukizunguka. Ndipo akashusha pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyetua gunia la saruji. Nilikuwa nimemzoea mume wangu na mabega yake ya juu. Kumbe hayakuwa maumbile.

"Umemaliza, Breki," Daktari akamwambia.

"Nimemaliza," akasema, akampa ufunguo wa gari. Daktari akaurudisha mkononi mwake.

"Nirudishe nyumbani kwenu kwanza. Mimi nikiendesha tutafika salama, lakini utapiga kelele njia nzima."

Tulipofika, sherehe ilikuwa imekwisha. Wageni walikuwa wamekula wakashukuru wakaondoka, na sufuria zilikuwa zinametameta kana kwamba zimeoshwa. Binti yangu, Mungu ambariki, alikuwa ametufichia bakuli la kuku, wali wa kutosha, na kachumbari. Tukakaa jikoni sisi watatu, kwenye meza yangu ndogo ya kukatia mboga, magoti yakigongana.

Hapo ndipo mzee wangu aliponichekesha. Alikula matonge mawili, akainuka, akaenda dirishani kutazama gari. Akarudi. Akala kidogo, akainuka tena.

"Breki," Daktari akasema, "gari ni tupu."

"Najua ni tupu."

"Basi kaa."

Akakaa. Daktari alikuwa akichagua kitu kwenye sahani yake, anakisogeza pembeni. Mzee akamtazama kwa makini, jinsi anavyotazama barabara asiyoijua.

"Huli vitunguu?"

"Sivipendi tangu utoto."

"Na mimi nakununulia sambusa za vitunguu kila safari!"

"Nilikuwa nawapa ndege."

Mzee aliweka mkono kifuani kama mtu aliyepigwa risasi, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakujua kukoma kwenye kicheko. Daktari naye akawa vivyo hivyo. Mimi nilijitia shughuli na sufuria, maana mtu mmoja lazima awe mzima jikoni.

Baadaye Daktari akasema dereva mpya ni kijana mzuri ila ana mwendo wa ambulensi.

"Mlete hapa," mzee akamwambia. "Nitamfundisha."

"Kesho?"

"Kesho nalala. Mlete keshokutwa, mje mle."

Akavuta sahani ya Daktari, akavikusanya vile vitunguu vyote kwa kijiko, akavila yeye.